Haluwa Katoka

Ghorofa ya tatu, Al Khuwair, saa kumi alfajiri,
Azzan kasimama mlangoni na soksi moja:
"Mama, Haluwa katoka."

Nikadhani ile ya Barka, iliyosazwa na Idi.
Kumbe yule mwingine, chatu mdogo
wa rangi ya zafarani na sukari iliyoungua.
Azzan ndiye aliyempa jina hilo, ili nishindwe kumchukia.

Mfuniko wa sanduku la kioo ulikuwa wazi vidole viwili.
Vidole viwili! Mlango mzima kwa asiye na mabega.

Baba yake yuko Fahud kwenye visima, zamu ya wiki mbili.
Kwenye simu alicheka mpaka nikasikia mtambo nyuma yake ukicheka naye.
"Mtafuteni palipo joto," akasema. "Wala msizime kiyoyozi.
Mkizima, nyumba nzima itakuwa kitanda chake."

Haya. Tukaziba nyufa za milango kwa mataulo.
Tukafunika choo, tukaweka ndoo ya maji juu.
Azzan akanyunyiza unga wa ngano koridoni, mwepesi kama poda ya mtoto,
atakayepita aandike mwenyewe kapita wapi.
Miye nikanyanyua matakia ya majlisi kwa ncha ya fagio,
moja moja, nikisoma nilichokumbuka na nisichokumbuka.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakulitaja jina lao usiku.
Alisema "ukambaa". Alisema "yule mrefu".
Siku tatu nami nikasema hivyo hivyo,
na kila waya wa chaja sakafuni ukanirusha roho.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka na unyasi;
miye sijaumwa hata na nyuki,
na nilishtuka na kishada cha kanzu.

Jirani yetu Bindu aliuliza mbona tunatembea na tochi mchana.
Nikamwambia tumepoteza pete.
Uongo wenye mkia.

Usiku wa tatu. Nje bomba la maji baridi linaunguza mikono,
ndani tunatetemeka kwa makusudi.
Azzan kalala. Taa zote nimezima.
Nikaketi jikoni, chini, mgongo ukutani, tochi mapajani.
Friji ikanguruma. Ikanyamaza.
Na katika kule kunyamaza nikasikia kitu kikivutwa, taratibu,
kama mtu anayekunja shela asiamshe watu.

Nyuma ya friji, juu ya mota, kwenye vumbi lenye joto,
kajizungusha kama kata ya kubebea mtungi,
kichwa kakificha katikati.
Yeye ndiye aliyekuwa anaogopa.

Sikumwamsha Azzan. Kwa nini, sijui.
Nikachomoa waya. Nikaisogeza friji, shubiri kwa shubiri.
Nikamfunika kwa kanga iliyochakaa, nikangoja pumzi zangu zishuke.
Usimbane kichwa, mwanangu alinifundisha, usimvute mkia;
mikono miwili chini ya tumbo, mwili wote ubebwe,
kama unavyopokea kichanga kwa mkunga.
Nilidhani atakuwa na ute. Alikuwa mkavu.
Mkavu, mzito kuliko alivyoonekana,
na msuli ukapita kiganjani mwangu
kama maji yanapoingia kwenye mpira wa bustani.

Foronya. Fundo. Hatua kumi na tisa hadi kwenye kioo chake.
Akainama kwenye bakuli, akanywa, akanywa tena.
Nikaubana mfuniko, nikaweka pasi juu yake.

Asubuhi Azzan alipiga kelele za furaha,
kisha akanyamaza, anatazama sakafu.
Unga wa koridoni ulikuwa umeandikwa.
Si mtambo wa tumbo. Nyayo za mtu mzima, peku,
kutoka chumbani kwangu hadi kwenye kioo,
na kurudi, na kwenda,
na kurudi.